Mshumaa wa Baraka kwenye Tangi la Mazutu

Niseme mapema, kabla hamjasikia kwa mwingine: aliyeua nguvu za gari la Papa, baba yangu, ni mimi. Niliziua kwa mikono yangu miwili, kwa imani kubwa na kwa mshumaa uliobarikiwa na padri, na kila nilipoona gari linazidi kudhoofika niliongeza dawa. Daktari wa namna hiyo angefungwa. Mimi nilipewa kiazi kitamu nikaambiwa nikacheze.

Juma lililopita umeme ulikatika mtaani, jambo ambalo hapa Bukavu si habari. Nikawasha mshumaa, nikala, nikaupuliza. Ule moshi mwembamba wa utambi ukanipanda puani, na hapo hapo nikaanza kugombana na watu waliokufa zamani. Mjukuu wangu akauliza, "Koko, uko unagombana na nani?" Nikamwambia amalize bugali yake. Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu siku hizi ni kutoka jikoni hadi mlangoni, na nikifika mlangoni napumzika. Magari yalinitapisha tangu utoto. Lakini lile moja nalikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura za mashemeji zangu.

Lilikuwa kamionete ya mazutu, yaani dizeli, na nyuma ilibeba sanduku la bati la kijani kilichochoka. Papa aliinunua alipochoka kuwa karani wa ofisi moja kule Ibanda. Akaanza kubeba kabichi, maharagwe na mama wauzaji kutoka Nyantende mpaka sokoni mjini. Hata hivyo ofisi haikumtoka mwilini. Alishika usukani akiwa na abakosti, ile suti ya kiofisi isiyo na tai, kalamu mbili mfukoni, utadhani kabichi zilikuwa zinangoja saini. Hakujua pompe ya mazutu iko upande gani wa injini, lakini maoni juu ya pompe alikuwa nayo. Nyinyi wa umri wangu mnawakumbuka akina Papa wa wakati wa Zaïre: kila mmoja alikuwa citoyen, yaani mwananchi, na kila citoyen alikuwa na hotuba.

Aliyejua injini ni Fundi Amisi. Alikuwa ametoka Maniema peke yake, akajenga kibanda ng'ambo ya barabara yetu, chini ya mikaratusi, akakaa hapo na sanduku la chuma la bluu lenye vyombo vyake vyote. Hakuwa na shamba huku kwetu, wala shemeji, wala mtu wa ukoo wake wa kumsemea mbele ya chef wa mtaa. Alikuwa na lile sanduku na jina lake. Muyashike hayo mawili, kwa sababu ndiyo yote aliyokuwa nayo, na ndiyo Papa aliyoyachukua.

Mambo yalianza na mvua. Siku moja gari lilikohoa njia nzima, Fundi Amisi akafungua kikombe cha chini ya filtri, akamwaga maji. Akamwambia Papa, "Papa Bahati, mvua inaingia mu mazutu. Inapitia ku kifuniko ya tangi. Raba yake ilikwisha, utafute ingine." Bahati ni kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akisoma shule ya kulala kule Katana, na kwa hiyo hakuwepo kuniokoa na akili zangu.

Mezani Papa alirudia habari yote kana kwamba ameigundua yeye. "Gari iko inakunywa mvua kama bata!" Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nampenda Papa kwa namna ile ya watoto, ya kutaka kumfanyia jambo kubwa halafu aligundue mwenyewe.

Kesho yake nikaenda uani, nikafungua kile kifuniko, nikakigeuza juani. Kuhusu raba sikujua kitu. Lakini katikati niliona katundu, kadogo kama jicho la sisimizi. Nikasema: haya, mkosaji ni wewe. Wakubwa wanatafuta raba mji mzima, na tundu liko hapa linawatazama! Nikaingia ndani. Nyuma ya picha ya Bikira Maria ndipo Mama alipoficha mshumaa wa baraka, ule tunaoubeba kanisani siku ya kubariki mishumaa, na ambao huwashwa nyumbani radi inapopiga. Radi za Bukavu mnazijua. Kama mshumaa ule ulizuia radi, ungeshindwa na matone? Nikauwasha, nikadondosha nta ndani ya katundu, nikaishindilia kwa kidole gumba mpaka ikawa ngumu. Nikafanya ishara ya msalaba, nikarudisha kifuniko mahali pake. Jioni ile ile Papa alileta raba mpya akaiweka. Maji hayakuingia tena. Raba haikupata hata asante. Sifa zote niliupa mshumaa.

Siku ya tatu Papa alirudi nyumbani kwa miguu, abakosti begani.

Alieleza kwa mikono miwili. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Lilipofika katikati ya mpando, likiwa na kabichi na mama wauzaji tisa, likaanza kupungua, polepole, kama mtu anayeshikwa koo. Anakanyaga mafuta mpaka chini, injini inajibu kwa kuguna tu. Mama wale wakashuka wakasukuma. Gari likazima. "Nguvu inaisha, sijue inakimbilia wapi!" alisema Papa. Akafungua kifuniko, akatumbukiza fimbo kuona kama mazutu yangalimo, akayakuta yamo, akafunika. Alipowasha tena, gari likaunguruma kama halijawahi kuumwa maishani mwake. Likaenda kilomita chache, likashikwa koo tena. Ndipo akaliacha na kuja kwa miguu.

Tazameni hapo, ndugu zangu. Dawa ilikuwa mkononi mwake. Kila alipofungua kifuniko kupima kwa fimbo, gari lilipona, na citoyen na kalamu zake mbili hakuona. Mimi pia sikuona, lakini mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na kalamu hata moja.

Fundi Amisi alitafuta kwa utaratibu, na huo utaratibu ndio unaonichoma mpaka leo, kwa sababu mwizi hatafuti hivyo. Alibadili filtri. Alipuliza mrija wa mazutu kwa kinywa chake, akatema, akasukutua maji, akapuliza tena. Alitoa hewa kwenye pompe kwa kubonyeza kile kitufe cha mkono mpaka povu likaisha. Alitazama kama bomba la moshi limeziba. Alifungua sindano zinazonyunyiza mazutu ndani ya injini, akazisafisha moja moja. Kila mara gari lilipona kwake, likaenda Nyantende na kurudi siku mbili bila kosa, Papa akamsifu. Kisha likashikwa koo upya.

Sababu mnaijua kabla yake. Nta na mazutu havipatani. Mazutu yanaruka ndani ya tangi, yanailainisha nta, barabara zetu zinaitikisa, baada ya siku chache inadondoka. Gari linapona. Mimi nami, mlinzi mwaminifu, nakwenda uani kila baada ya siku mbili tatu, asubuhi kabla ya shule, kukagua, nakuta katundu kako wazi. Na kwa kuwa Papa alisema nguvu inakimbia, mimi peke yangu mtaa mzima nilijua inakimbilia wapi: si inatokea pale pale ilipokuwa inaingilia mvua? Naziba upya, kwa nta nene zaidi. Mwishoni nilikuwa naziba kwa juu na kwa chini.

Halafu nikajiuliza swali la busara kabisa: nani anautoa mshumaa wangu? Nikapata jibu. Anayeshikashika gari letu ni Fundi Amisi. Kumbe ndiye anayelifungulia nguvu zitoke!

Basi siku moja fundi alivuka barabara akaja mpaka barazani kwetu. Alikuwa amefikiri, ilionekana kwenye paji lake la uso. "Papa Bahati, unisikilize muzuri. Ii gari haigonjwake mu njia. Ikilala kwangu, inaamuka muzima. Ikilala kwenu siku mbili tatu, inaamuka mugonjwa. Nani anabakiaka nayo?"

Lilikuwa swali safi. Ni swali ambalo angeuliza muganga mzuri: mgonjwa analala wapi, anakula nini, nani anamhudumia. Lakini Papa alisikia jambo jingine. Alisimama taratibu.

"Unasema mu nyumba yangu muko mulozi?"

"Miye nasema gari, papa. Sisemi nyumba."

"Unasema bibi yangu njo analoga gari?"

"Papa Bahati, sikusema mama. Niliuliza tu nani anabakiaka…"

"Watu wa kwenu tunawajua!" Hilo lilitoka kwa mpita njia aliyesimama kutazama, mtu asiyekuwa na gari wala baiskeli. "Banatoshaka vipande vizuri vya pompe banauzisha, banakuwekea vya zamani. Kila siku unarudi kwake, kila siku anakula!"

Neno likampendeza Papa. Niliona likimpendeza. Lilikuwa limempa njia ya kutoka kwenye lile swali. Kabla jua halijazama, vijana wawili walikuwa wamebeba sanduku la bluu kutoka chini ya mikaratusi, wakaliweka sebuleni kwetu, ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Yaani chini ya mshumaa wangu. Papa akasema sanduku litakaa hapo mpaka chef akate maneno siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mbele ya watu wote, na fundi akionekana mwizi, mtaani hakai tena.

Fundi bila vyombo ni mtu aliyekaa tu. Alikaa juu ya tairi mlangoni pake, mikono magotini, siku nne. Wenye magari walipita wakitazama upande wa pili. Na mimi, ambaye leo nachemka kwa uonevu ule, nilifanya nini? Nilikwenda chemchemini na wenzangu, tukapita mbele yake, nikapaza sauti kuliko wote: "Mwizi wa nguvu! Mwizi wa nguvu!" Hakuinua kichwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba utukufu.

Aliyesema kitu ni jirani yetu Mama Nabintu, aliyepika kasiksi, ile pombe ya ndizi, upande wa pili wa ua wetu, na ambaye kinywa chake hakikuwa na kifuniko cha aina yoyote. "Papa Bahati," alisema juu ya ua, "ule mutu alipuliza mazutu na kinywa yake. Mwizi gani anakunywaka mazutu?" Papa akamjibu kwamba mambo ya mekanike si mambo ya pombe.

Siku ya salongo ikafika. Tulifagia mifereji, tukafyeka, kisha watu wote na majembe yao wakakusanyika mbele ya nyumba ya chef. Papa alihutubia. Alisema "sabotage," yaani hujuma, alisema "uaminifu," alisema mengi ambayo yangefaa zaidi redioni. Chef akamgeukia fundi. "Na weye?"

"Miye sina maneno mingi, chef," alisema Fundi Amisi. "Tupande gari. Papa Bahati ashike usukani, weye ukae pembeni yake. Miye nikae nyuma, sishike kitu. Twende ku mupando mpaka ikufe. Ikikufa, muniachie dakika moja. Nikikosa kuonyesha, sanduku ni yake, na miye naenda."

Papa alikubali kwa haraka ya mtu mwenye uhakika. Mama Nabintu akapanda nyuma bila kuulizwa, akisema ndizi zake husafiri humo, kwa hiyo gari ni lake pia kidogo. Na mimi nikapanda. Nililia mpaka nikapandishwa. Nani angemtazama mwizi asifungue nguvu zetu? Asubuhi ile nilikuwa nimeziba tangi vizuri kuliko siku zote.

Fundi alikaa mbele yangu, mikono juu ya magoti ili kila mtu aione, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mtoto anayelala. Tulipoanza kupanda, injini ikapunguza sauti. Ikapunguza tena. Miti ikawa inapita polepole, kisha polepole sana, kisha haipiti. Papa alikuwa anakanyaga, tukasikia kiatu chake kinagonga bati. Gari likaguna, likazima.

"Ulishika wapi?" Papa alipiga kelele akishuka. "Ulifanya nini kule nyuma?"

"Mikono yangu iko hii," alisema fundi. "Maman, nilikamata kitu?"

"Hata pua haukukuna," alisema Mama Nabintu.

Fundi akashuka, akamwita chef karibu na tangi. Akaweka sikio lake kwenye bati, akakamata kifuniko kwa vidole viwili tu, akakizungusha.

Fyuuuuuu.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya kuvuta ndani. Gari lilivuta hewa kama mtu aliyetolewa ziwani. Chef akarudi nyuma hatua moja. "Uwashe," akasema fundi. Papa akawasha, gari likaunguruma. Fundi akafunga kifuniko. Tukapanda kidogo, likafa. Akafungua: fyuuuu; akaacha wazi, akafunika kwa kitambaa chepesi tu, na gari likapanda ule mpando wote kama mbuzi, mpaka juu, bila hata kukohoa.

"Mazutu ikitoka mu tangi, hewa inapashwa kuingia mu nafasi yake," fundi alimwambia chef, kwa upole, kama anayeeleza habari za mtu wa nyumbani. "Hewa ikikosa njia, pompe inavuta, inavuta, inashindwa."

"Kumbe kama bidon ya kasiksi," alisema Mama Nabintu. "Usipotoboa juu, haimwagike. Hiyo tu njo ilikuwa inawashinda, banaume wazima?"

Fundi alikigeuza kifuniko, akakitazama. Akakwaruza katikati kwa ukucha, akanusa. "Hii haiko grisi. Hii ni mushumaa." Akatoa msumari mfukoni aanze kuitoboa.

Na hapo mimi, mlinzi wa nguvu za nyumba yetu, nilijirusha kutoka nyuma ya gari. "Usiitoshe! Uiache pale! Ile ni ya baraka! Ukiitosha mvua itaingia!"

Mama Nabintu aliweka mkono mdomoni. Chef alinitazama, akamtazama Papa. Fundi Amisi alinitazama mimi peke yangu, msumari ungali mkononi, na sikuona hasira usoni mwake, niliona uchovu, na uchovu ule ndio ulionieleza kila kitu. Nilielewa kabla ya kuambiwa. Nikatapika kwenye viatu vya chef.

Halafu Papa akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, akamshika chef bega. "Ah, ni watoto! Chef, weye pia uko na watoto. Ni watoto!" Na chef, huku akipangusa viatu kwa majani, akacheka pia. "Bon. Affaire imeisha. Kila mutu arudi kwake."

Mnasikia? Kosa lilipodhaniwa la fundi, lilikuwa wizi, sabotage, mtaani hakai. Kosa lilipokuwa la nyumba yetu, likawa watoto. Sikupigwa hata kofi. Nilitaka kupigwa! Mama alinipa kiazi kitamu. Miaka baadaye, sekondari, mwalimu wa fizikia alichemsha maji kidogo ndani ya bidon ya bati, akaifunga, akaiacha ipoe mbele yetu mpaka ikajikunja yenyewe kwa kukosa hewa. Darasa likapiga makofi. Mimi nikalia. Aliandika kwenye ripoti kwamba nina moyo wa sayansi.

Sanduku la bluu lilikaa sebuleni siku mbili zaidi. Siku mbili! Hakuna aliyekuwa na haraka nalo. Hatimaye Mama alilipakia kwenye toroli, akafunga kuku mmoja juu yake, na Papa akanipa maneno: "Umwambie Papa anasema affaire ilikwisha." Yeye akabaki barazani, akapanga kalamu zake mfukoni.

Nilisukuma lile toroli kuvuka barabara, nikalipumzisha mara tatu, kuku akinilaumu njia nzima. Fundi Amisi alifungua sanduku, akagusa vyombo vyake kimoja kimoja, kama mzazi anayegusa vichwa vya watoto baada ya mvua. Nikasema maneno ya Papa. Kisha nikasema yangu: "Ni miye niliweka mushumaa. Na nilikuwa nakuita mwizi."

"Weye nilikusamehe kule ku mupando," alisema. "Ungenyamaza, mutu angesema miye njo niliweka." Akatazama ng'ambo ya barabara. "Papa yako iko?"

"Iko ku baraza."

"Anatuona?"

"Ndiyo."

Akafungua kamba ya kuku, akaniwekea kuku kwapani. "Urudishe. Umwambie miye sikupoteza kuku."

Fundi Amisi alihama kabla ya mvua zilizofuata. Papa aliishi miaka mingi, Mungu amrehemu, nami nilimpenda mpaka mwisho, lakini barabara ile hakuivuka. Alipokuwa akipita mbele ya kibanda kile alikanyaga mafuta mpaka chini, na gari, mnajua, nguvu lilikuwa nazo. Ninachoshukuru ni kwamba siku ile hakuponyoka kabisa. Niliporudi na kuku kwapani, Papa tayari amegeuka aingie ndani, Mama Nabintu alipanda juu ya jiwe upande wake wa ua, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mikaratusi:

"Papa Bahati, kuku imerudi! Ule mutu anangojea miguu yako weye, hana kazi na miguu ya kuku!"